Wimbi Lililoficha Manda

Swali limetoka kwa msomaji wa Shela, Lamu:

"Asalaam aleikum mwalimu. Naendesha mashua ya ami yangu, siku nyingine nachukua wageni, siku nyingine navua. Mwaka jana mwezi wa saba upepo wa kusi ulitukamata kwenye mlango wa bahari tukiwa watu wanne, tukanusurika. Habari ile nimeiandika mara tano. Dada yangu aliye chuo kikuu anasema mwanzo wake ni ripoti ya polisi na mwisho wake ni tangazo la hoteli. Nimewasoma Wazungu wanaoandika juu ya maumbile, wao bahari inatisha na papo hapo inapendeza. Wanafanyaje? Nakuletea kipande: 'Ghafla bahari ilichafuka. Mawimbi yalikuwa makubwa kama milima. Tuliogopa sana, kila mtu akamwomba Mungu wake. Baada ya mapambano makali tulifika salama, na jua lilikuwa likizama kwa uzuri usioelezeka.'"

Waaleikum salaam, mwanangu. Alhamdulillahi mlirudi. Dada yako mshukuru, maana hukumu yake imenipunguzia kazi. Na kabla hatujaenda mbali, "kila mtu akamwomba Mungu wake" iondoe. Mlikuwa vijana wanne wa Shela. Mungu wenu ni mmoja na dua mliyoisoma ni ile ile. Sentensi hiyo umeiokota mahali, haikutoka chomboni.

Sasa tulishike neno "ghafla". Mgeni aliyeshuka juzi uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha ng'ambo yenu, anaweza kusema bahari ilichafuka ghafla. Wewe huwezi. Tangu alfajiri ulijua mwezi una siku ngapi, ulijua kama ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, ulijua saa ambayo maji yangeanza kutoka. Nina hakika kabla ya kutweka tanga ulitazama upande wa Ras Kitau, ukaona povu, ukajisemea moyoni: tutawahi. Hofu yote ya habari yako imo ndani ya hiyo "tutawahi", nawe umeifuta ukaweka "ghafla". Neno hilo litunze kwa siku kama tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lilipotuma mawimbi yake mpaka huku kwetu, na maji ya pwani ya Kenya yakapanda na kushuka mara kadhaa nje ya saa zake. Somalia walikufa watu karibu mia tatu. Siku ile hata mzee aliyezaliwa chomboni angekuwa na haki ya kusema ghafla, kwa sababu kilichovunjika ni ratiba yenyewe ya kujaa na kupwa, kitu ambacho mtu wa pwani hakihesabu kabisa katika mambo yanayoweza kuvunjika.

Lakini mlango wa Shela mwezi wa saba una sababu, na sababu hiyo mpe msomaji. Usidhani ukimweleza hofu itapungua. Msomaji wa Nakuru hajui kwamba maji ya mkondo kati ya Amu, yaani kisiwa cha Lamu, na Manda yakitoka siku ya bamvua hukutana uso kwa uso na mawimbi yanayosukumwa na kusi kutoka bahari kuu. Wimbi likipingwa na mkondo hufupika na kusimama. Lililokuwa mgongo mrefu unaolala na kuinuka huwa ukuta, na nyuma yake ukuta mwingine, karibu karibu, mashua haipati nafasi ya kupumua. Mwambie hivyo tu, kwa sauti unayotumia kumweleza mwanafunzi wako wa usukani. Akishajua maji yanatoka na saa nne zimesalia kabla hayajageuka, wewe huna tena haja ya kuandika "tuliogopa sana". Atakuwa anahesabu mwenyewe.

Halafu milima. Umezaliwa kisiwa ambacho kirefu kuliko vyote ni vile vilima vya mchanga vya Shela, mchanga huo huo unaochuja maji ya mvua yanayonywewa mjini. Mlima umeuona wapi? Umeuona katika maandishi ya watu wengine. Kipimo chako ulikuwa nacho mbele ya macho: Manda. Kutoka kiti cha usukani, bahari ikitulia, Manda unaiona yote, minazi na mikoko na paa za nyumba za Ras Kitau. Siku ile, mashua ilipoingia bondeni baina ya mawimbi mawili, kilichobaki cha Manda ni nini? Kama ni vichwa vya minazi tu, andika vichwa vya minazi. Kama haikuonekana kabisa, andika: Manda ikapotea, kisha ikarudi, kisha ikapotea. Hapo nimeshajua urefu wa wimbi bila kuambiwa mita wala mlima, na nimejua pia kwamba uliendelea kuitafuta Manda kwa macho kila mlipopanda.

Wazungu uliowataja, wale wazuri, hufanya hivyo hivyo. Kuna mshairi wa Uingereza, William Wordsworth, aliyesimulia jinsi alipokuwa mtoto usiku mmoja alivyochukua mashua ya mtu ziwani bila ruhusa. Shairi lenyewe, The Prelude, lilichapishwa mwaka 1850, yeye ameshakufa. Wewe nahodha utalielewa tukio hilo kuliko maprofesa wengi. Mpiga makasia wa kule hukaa ameelekea nyuma, anatazama alikotoka. Basi kijana akachagua ukingo wa kilima ufukweni auweke machoni ili aende moja kwa moja. Kadiri alivyojitenga na pwani, nyuma ya ukingo ule kukachomoza kilele kingine, kikubwa na cheusi, ambacho karibu na ufuko kilikuwa kimefichwa. Kila alipovuta kasia kiliongezeka. Aliona kama mlima unamfuata kwa hatua. Ni hesabu ya macho tu, hata kwetu ukitoka Shela kwenda nje utaona miti ya nyuma ikiinuka juu ya ile ya mbele. Lakini angalia alichofanya: hakuanza kwa kusema mlima unatisha. Alianza na kijana mwenye furaha, maji yenye mbalamwezi, viduara vya nuru vikibaki nyuma ya mashua, na kazi ya kuvuta makasia. Uzuri ule na kitisho kile vinatoka katika mvuto mmoja wa kasia. Na hofu ilipofika haikuitwa jina lake, ilionekana kwenye makasia yaliyotetemeka mikononi alipoigeuza mashua.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako, na mengine yote ninayoandika hapa ni kulizungukia. Uzuri na kitisho si viungo viwili, pilipili na sukari, unavyovitia kwa zamu mpaka mchuzi ukolee. Ni kitu kimoja kimeonwa na mtu aliyekuwa pale, akakitaja kwa jina lake. Wewe umevitenga: mawimbi umeyapa hofu yote, machweo umeyapa uzuri wote. Ndiyo maana dada yako akaona karatasi mbili. Sasa nikuulize. Jua lilikuwa upande wa bara, limeshuka. Wimbi likainuka baina yako na jua. Kabla halijavunjika, pale juu linapokuwa jembamba, ulionaje? Kila aliyekaa chini kwenye mashua saa kumi na moja jioni ameiona ile rangi: kijani kinachopenya nuru, kama chupa iliyoshikwa dirishani, na mchanga unaelea ndani yake. Kilidumu muda wa kuvuta pumzi moja, kisha kikakuangukieni. Uzuri wako ulikuwa mle. Machweo waachie wenye hoteli.

Nadharia ya jambo hili inajulikana zaidi kwa Edmund Burke, mtu wa Dublin, Ireland, aliyetoa kitabu mwaka 1757 akisema kuna furaha ya ajabu katika vitu vya kutisha, mradi hatari isitukaribie mno. Mimi napenda kukumbuka kisa cha kabla ya hapo. Mwanzoni mwa 1746, Burke akiwa bado mwanafunzi kijana, mto Liffey ulifurika mjini Dublin, maji yakaingia majumbani, naye akamwandikia rafiki yake kwamba kuyatazama maumbile katika hali kubwa na ya kutisha namna ile kunampa raha. Ni kweli alichosema. Ila ni ukweli wa mtu aliye darini. Ukikaa juu katika nyumba ya mawe pale Mkomani, ukasikia kusi inapiga madirisha, na wewe umekunywa kahawa yako na haluwa, kweli bahari inapendeza kwa ukali wake. Sehemu kubwa ya maandishi ya maumbile yaliyotoka Ulaya baada ya Burke yameandikwa kutoka darini. Sikudharau dari, nami sasa ni mtu wa dari, magoti yangu hayaruhusu tena. Lakini wewe huandiki kutoka huko. Wewe kesho yake ulirudi mlangoni pale pale, kwa sababu watoto wa ami yako lazima wale. Mtu anayerudi kesho huitazama bahari kwa namna ambayo Burke hakuwa nayo, na naona hapo ndipo waandishi wa pwani yetu wangeweza kuongeza kitu duniani, wakiacha kuazima milima.

Tena lugha yetu ilishalijua jambo hili zamani. Tazama neno "haiba". Leo tukisema bibi harusi ana haiba tunasifu uzuri wake. Asili yake ni Kiarabu, na kule maana yake ni kicho, ile heshima yenye hofu inayomwingia mtu mbele ya mfalme au simba. Neno limevuka bahari, hofu ikageuka uzuri, na ukilisikiliza vizuri bado unaisikia hofu ndani. Au wakumbuke masheikh wetu wanaposema juu ya sifa za Mwenyezi Mungu, upande wa jalali na upande wa jamali, utukufu unaotetemesha na uzuri unaovuta, na Mwenye sifa hizo ni Mmoja. Sina haja ya kukupeleka mpaka Dublin, basi, ila umeniuliza habari za Wazungu.

Nikupe langu. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Tulikuwa tukirudi kutoka Kipungani kwa dau dogo, usiku usio na mwezi, baba anapiga kasia. Siku zile maji yalikuwa na ule mwanga: ukitia mkono unawaka, ukiutoa vitone vinazimika kimoja kimoja. Baadaye shuleni nilifundishwa ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, vikisukwasukwa hutoa nuru. Nilikuwa nimelalia ukingo wa dau nikiandika jina langu majini. Kisha chini yetu, kama pima mbili, kikapita kitu. Chenyewe sikukiona. Niliona maji yaliyokizunguka yakiwaka, na kwa hiyo nikaliona umbo: kichwa kipana, mapezi, mkia unaokwenda huku na huku bila haraka. Kilikuwa kirefu kuliko dau. Baba alikuwa ameshainua kasia, na kila tone lililodondoka kutoka kwenye kasia liliwasha duara lake dogo. Hakusema neno mpaka mkia ulipotupita. Ndipo akasema, "Vuta mkono."

Kisa hiki nimekiandika, nadhani, mara kumi na mbili kwa miaka thelathini. Matoleo ya mwanzo yote yalikuwa na sentensi ya mwisho: "nilijawa na hofu na mshangao kwa pamoja." Nilidhani ndiyo sentensi muhimu. Ilikuwa uchafu. Siku niliyoikata nikabakisha "Vuta mkono", mke wangu aliposoma aliondoa mkono wake mezani. Sikuhitaji mhakiki mwingine.

Kuna jambo la pili ndani ya kisa hicho ambalo wanafunzi wangu hulikosa: samaki yule hakutujali. Hakuwa adui. Wewe umeandika "mapambano makali", na mimi nakuuliza, nani alipambana nawe? Kusi haikujua kwamba mko pale. Ukienda bara ya Malindi, kule Marafa, utaona bonde lililokatika, kuta zake nyekundu na nyeupe na waridi, ambalo wenyeji wanaliita Nyari na vitabu vya watalii vinaliita jiko la jehanamu. Hadithi ya wenyeji inasema palikuwa na matajiri wakioga maziwa, Mungu akawadidimiza. Ni hadithi nzuri, ina maziwa na ina adhabu. Lakini kilichochimba bonde lile ni mvua inayokula udongo laini, na inaendelea kula mpaka leo, kwa mwenye dhambi na asiye na dhambi. Kwangu hiyo mvua isiyojua inatisha kuliko adhabu, na kuta zile ni nzuri kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aliyezipamba kwa ajili yetu. Annie Dillard wa Marekani, katika kitabu chake cha 1974, anasimulia jinsi alivyomkaribia chura kijitoni, chura akaanza kunywea mbele yake, ngozi ikalegea na kuanguka kama mfuko uliotolewa kilichomo. Mdudu mkubwa wa majini alikuwa amemfyonza kutoka chini. Anakieleza kitu kile kwa uangalifu ule ule anaotumia kueleza mwanga juu ya majani. Hapandishi sauti. Ukitaka kujifunza kitu kimoja kwake, jifunze kutopandisha sauti.

Karibu zaidi na nyumbani tuna Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate na Al-Inkishafi yake. Najua ulisomeshwa kama utenzi wa mawaidha, na ni hivyo. Lakini usome pia kama mtu anayejifunza kutazama. Anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, na yule ni mtu wa visiwa hivi, matumbawe yake yanakwaruza mkuku. Kisha anapofika kwenye majumba yaliyoporomoka, hasemi tu yamekuwa ya kuhuzunisha. Anakwenda kwenye vidaka vya ukutani, vile vilivyopangwa sahani za kaure, anatuonyesha makinda ya ndege yamelala humo. Kidaka ni kile kile. Umaridadi wa sahani na upweke wa gofu vinakaa tundu moja, na makinda yenyewe, ukiyafikiria, ni mazuri, nayo hayana kosa. Hiyo ni kazi ya miaka zaidi ya mia mbili iliyopita na bado sijaona aliyeifanya vizuri zaidi kwa nafasi ndogo hivyo.

Nikutahadharishe pia juu ya uzuri unaodanganya, maana wewe unachukua wageni. Mwaka 1998, mwaka wa joto la El Niño, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe, Malindi na Watamu na hata huku juu. Tumbawe huishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, unaolilisha na kulipa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe huutoa mwani ule, na kinachoonekana ni mifupa kupitia nyama isiyo na rangi. Mtu asiyejua akichungulia kwa miwani ya kuogelea ataona bustani ya theluji, atapiga picha. Ukimwandikia mtu huyo, uzuri usimnyang'anye. Mwache auone kwanza kama alivyouona, ndipo umwambie ni njaa. Ukianza na njaa atakuwa amesikia hotuba.

Kuhusu maneno ya chombo, usiyaogope na usiyatafsiri. Foromali, demani, joshi, kubisha, farumi, ngama, yaweke yakifanya kazi. Msomaji wa bara hajui demani ni nini, lakini akisoma kwamba imekatika na tanga likaanza kupiga kama bunduki, atajua ni kamba gani. Kamusi ya mwisho wa kitabu ni kwa wanaosoma wakiwa wamekaa. Nawe unataka asome huku ameshika ukingo wa kiti.

Kipande chako kipya mimi sitakuandikia, ila nakupa mahali pa kuanzia: pale uliposema "tutawahi". Nani alikujibu, na alijibu nini? Nani alikuwa amekaa kwenye ubao upande wa upepo? Maji yalipoanza kuingia, nani alishika kopo, na alikuwa akihesabu au akisoma dua, au vyote viwili? Mliweka wapi samaki? Watu husahau samaki. Nimewahi kusoma habari nzima ya kunusurika, nikabaki nawaza tu kama wale jodari walitupwa. Na mlipofika, kabla ya machweo yoyote, vidole vyako viliachia usukani mara moja au ilibidi mtu akufungue?

Ukimaliza usinitumie mimi kwanza, wala dada yako. Msomee yule aliyekuwa akitoa maji, usiku, baraza, kwa sauti. Akikukatiza akasema, "La, hapo tulikuwa hatujatua tanga bado," shika kalamu.